Mabango ya vita ya 1939–1945: nitajuaje la enzi hizo na nakala ya baadaye?

Mtunza_Kabati

Habari za saa hizi wakuu. Nina mabango manne yanayodaiwa kuwa ya Vita Kuu ya Pili, yale yaliyobandikwa kwa ajili ya raia waliobaki nyumbani na si wanajeshi. Natakiwa kuyaandikia kadi za orodha pamoja na maelezo ya maonyesho, na sitaki kuandika "halisi" kwa kubahatisha. Yako hivi:

1. "Keep Calm and Carry On", jekundu, lina taji juu. Sentimita 42 kwa 59.4. Karatasi nyeupe, nzito kidogo.

2. "We Can Do It!" (tunaweza!), yule mwanamke aliyepandisha mkono wa shati na kukunja ngumi, kichwani kitambaa chekundu chenye madoa meupe. Sentimita 61 kwa 91.5.

3. "Careless Talk Costs Lives" (soga za ovyo hugharimu maisha), wanawake wawili wanapiga soga ndani ya basi, Hitler na Göring, mkuu wa jeshi lake la anga, wamekaa kiti cha nyuma yao. Dogo, kama sentimita 32 kwa 20. Pembeni limepiga umanjano.

4. "When you ride ALONE you ride with Hitler!" (ukisafiri peke yako unasafiri na Hitler), dereva yuko peke yake garini na kivuli cha Hitler kimekaa pembeni yake. Sentimita 56 kwa 71, lina mikunjo inayokatana, na chini kuna maandishi madogo ya U.S. Government Printing Office (ofisi ya uchapaji ya serikali ya Marekani) na mwaka 1943.

Naomba kujua nianze kupima nini na kwa mpangilio gani. Pia, je, ni kweli kwamba haya tunayoyaona kila mahali leo ndiyo yaliyoonekana zaidi wakati wa vita? Na kuyahifadhi je?

Wino_na_Bamba

Anza na rula, mkuu. Vipimo ulivyotoa vimeshajibu nusu ya swali.

Wachapaji wa Uingereza wakati ule walifanya kazi kwa inchi. Karatasi ya mabango ilitoka kwenye familia ya krauni: inchi 15 kwa 20, 20 kwa 30, 30 kwa 40, hadi yale makubwa ya barabarani yaliyounganishwa vipande vipande. Marekani, mabango ya serikali mara nyingi yalikuwa inchi 28 kwa 40, 22 kwa 28, 20 kwa 28 au 14 kwa 20. Sasa namba 1 yako, sentimita 42 kwa 59.4, ni A2 kamili, na mabango ya Uingereza ya wakati wa vita hayakuchapwa kwa saizi za A. (Ujerumani ilikuwa nazo tangu 1922, kwa hiyo kanuni hii usiipeleke kwenye bango la Kijerumani.) Namba 2 ni inchi 24 kwa 36, saizi ya mabango ya kupamba vyumba yanayouzwa siku hizi. Lile la asili la namba 2, la 1943, lilikuwa inchi 17 kwa 22, yaani kama sentimita 43 kwa 56. Mkasi unaweza kupunguza karatasi ya zamani, ila hakuna kinachoweza kuiongeza. Namba 3 na namba 4 vipimo vyake vinakubalika, lakini usiishie hapo.

Hatua ya pili ni lenzi ya kukuzia mara 10. Ya mara 30 ni bora zaidi. Angalia sehemu tatu: eneo la rangi moja isiyo na kivuli, ngozi ya uso, na ukingo wa herufi. Utakutana na mojawapo ya haya:

Rangi imejaa sawasawa bila nukta yoyote na ukingo wa herufi ni mkali. Hapo mchapaji alichanganya wino wa rangi hiyohiyo na kuuchapa kwa bamba lake peke yake. Ndivyo mabango mengi ya enzi zile yalivyofanywa, kwa sababu rangi tatu au nne zilizochanganywa mapema zilikuwa nafuu na zilionekana kutoka mbali.

Chembechembe zisizo na mpangilio, mithili ya penseli ya nta iliyopita juu ya ukuta mkwaruzo. Hiyo ni lithografia iliyochorwa kwa mkono juu ya jiwe au bamba la zinki. Dalili nzuri.

Nukta zilizojipanga kwa mistari. Hapa wengi hukosea, wakiona nukta tu wanatangaza "feki". Picha za kamera zilichapwa kwa nukta hata kabla ya vita hivi, na mabango mengi ya Marekani yalichapwa kwa ofseti (wino hupitia kwanza kwenye mpira, ndipo ukafika kwenye karatasi) kutoka michoro ya rangi. Nukta peke yake haihukumu.

Nukta za samawati, waridi kali, njano na nyeusi zikiwa zimejikusanya kama petali za ua, tena ndani ya eneo ambalo lingepaswa kuwa jekundu tupu. Hiyo ni picha iliyopigwa skana na kuchapwa upya. Mashine haikuwa na wino mwekundu, iliujenga wekundu kwa rangi nyingine.

Vitone vidogo sana vilivyotawanyika bila safu wala mstari. Printa ya kunyunyiza wino, kazi ya juzi.

Ukiwa na muda wa kipimo kimoja tu, weka lenzi juu ya yale maandishi madogo ya mchapaji chini ya bango. Kwenye bango la asili yalichapwa kwa wino mmoja, kwa hiyo herufi ni nyembamba na safi. Kwenye nakala ya skana kingo zake zinavimba, matundu ya herufi "e" na "a" yanaziba, na pembeni kuna vumbi la nukta za rangi. Mtu anayeghushi huhangaikia picha kubwa akasahau mstari ule.

Hatua ya tatu ni taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Ingia chumba cha giza, weka karatasi ya kawaida ya printa kando ya bango, kisha washa. Karatasi ya printa itawaka buluu-nyeupe kwa sababu ya kemikali za kung'arisha weupe, ambazo zilienea kwenye karatasi kuanzia kama 1950. Bango likiwaka vivyo hivyo, si la vita. Lisipowaka, umepata ruhusa ya kuendelea tu, maana karatasi isiyo na kemikali hizo inatengenezwa hadi leo. Angalia pia kama bango limebandikwa kitambaa nyuma; kitambaa kipya kinaweza kuwaka huku karatasi yenyewe imetulia, na ukisoma ukingo utapotoka.

Bi_Makavazi

Naongeza mikunjo na maandishi, halafu nirudi kwenye swali la umaarufu.

Mikunjo ya namba 4 isikuhuzunishe, ndugu yangu. Mabango ya serikali ya Marekani yalikunjwa kabla ya kutumwa kwa posta, kwa hiyo bango la 1943 la Ofisi ya Habari za Vita lisilo na mkunjo hata mmoja ndilo la kuulizia zaidi. Kagua makutano ya mikunjo kwa lenzi. Kwenye mkunjo wa zamani wino umepasuka na nyuzi nyeupe za karatasi zinaonekana, na uchafu umeingia ndani ya ufa. Kwenye nakala iliyopigwa picha pamoja na mikunjo yake, "ufa" umechapwa: unapitisha kidole na karatasi ni laini tupu.

Umanjano nao una tabia. Karatasi ya wakati wa vita ilikuwa na massa mengi ya mbao iliyosagwa, nayo hubadilika kuanzia kingo kwenda ndani, upande uliopata mwanga zaidi ukitangulia. Karatasi iliyochovywa chai ina rangi moja mbele na nyuma, na mara nyingi kuna alama ya maji yaliyokaukia.

Kuhusu maandishi ya chini: ya Uingereza husomeka "Printed for H.M. Stationery Office by" (yamechapwa kwa niaba ya ofisi ya uchapaji ya serikali), kisha jina la kiwanda, na mara nyingi namba inayoanza na 51 na kistari. Ya Marekani huwa na U.S. Government Printing Office, mwaka na namba, na mengi ya Ofisi ya Habari za Vita yana namba ya bango pamoja na maelezo ya wapi pa kuomba nakala zaidi. Ofisi ile iliundwa Juni 1942. Ukiona bango linaitaja na wakati huohuo linadai ni la 1941, liweke kando. Kukosekana kwa maandishi haya hakuthibitishi kitu, maana ukingo wa chini ndio unaokatwa kwanza bango likiraruka.

Sasa umaarufu. Namba 1 na namba 2 zako ndizo zinazojulikana zaidi duniani leo, na zote mbili karibu hazikuonwa na raia wakati wa vita.

"Keep Calm and Carry On", yaani tulieni na mwendelee na shughuli zenu, lilikuwa la tatu katika seti iliyoandaliwa Uingereza mwaka 1939. Zilichapwa nakala zinazokaribia milioni 2.5 kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, kisha zikawekwa akiba zingojee mashambulizi makubwa ya anga au uvamizi. Wenzake wawili walibandikwa nchi nzima. Mmoja uliwaambia watu kwamba ushujaa wenu, uchangamfu wenu na uthabiti wenu vitatuletea ushindi, nao uliudhi watu: "ninyi" mnajitoa mhanga ili "sisi" tushinde, na hao "sisi" wako ofisini. Baada ya lawama zile la tatu likabaki ghalani, na kuanzia Aprili 1940 nakala nyingi zikapelekwa kusagwa ili karatasi itumike tena. Nakala moja iliibuka mwaka 2000 ndani ya sanduku la vitabu kwenye duka la Barter Books mjini Alnwick, duka likaanza kuuza nakala zake, na umaarufu wote huu ni wa baada ya hapo.

"We Can Do It!" lilichorwa na J. Howard Miller kwa ajili ya viwanda vya kampuni ya Westinghouse. Nakala kama 1,800 tu, zilizobandikwa ndani ya viwanda wiki mbili, kuanzia tarehe 15 hadi 28 Februari 1943, kisha zikabanduliwa kupisha bango jingine. Lile la asili lina tarehe hizo chini kabisa, na jina la War Production Co-Ordinating Committee. Kwenye kola ya shati kuna beji ya mfanyakazi wa Westinghouse. Wanawake walioliona walikuwa tayari wameajiriwa, wengine wakitengeneza vitambaa vigumu vya ndani ya kofia za chuma za askari, na kusudi lilikuwa wasikose kazi wala kugoma. Halikuwa bango la kuwaita wanawake viwandani, na wala halikuitwa Rosie ("Rosie the Riveter", jina la mfano la mwanamke wa kiwandani wakati wa vita). Jina hilo na maana ya kutetea haki za wanawake vililifuata kuanzia miaka ya 1980. Tafadhali dada zetu na kaka zetu wanaokuja kwenye maonyesho waambiwe hivyo, maana kadi nyingi bado zinasema kinyume.

Mtunza_Kabati

Shukrani sana, Bi_Makavazi na mkuu Wino_na_Bamba. Nimepima: namba 1 na 2 zina nukta za maua kwenye eneo jekundu na zote zinawaka buluu chini ya taa. Namba 3 haiwaki, ukingo wa nje ni mwekundu uliojaa bila nukta, mistari ya mchoro ni myeusi safi. Namba 4 haiwaki, uso wa dereva una nukta za mistari, maandishi ya chini ni makali, na wino umepasuka kwenye mikunjo.

Basi namba 3 na 4 ndizo nitakazoziandikia maelezo marefu. Zilifanya kazi kweli? Nataka kadi iseme kitu zaidi ya "liliwahamasisha wananchi".

Ukuta_Unasema

Tupa kabisa sentensi hiyo. Kuna mabango ya vita ambayo hayakumhamasisha mtu, na sababu zake zinajulikana.

Mchoraji wa namba 3 yako ni Cyril Kenneth Bird, aliyesaini Fougasse. Seti yake ya "Careless Talk", mabango manane, ilitoka 1940. Yeye aliona vizuizi vitatu mbele ya bango lolote: watu hawapendi kusoma tangazo, wakisoma hawaamini kwamba wanaambiwa wao, wakiamini hawakumbuki muda wa kutosha kuchukua hatua. Angalia bango lako kwa macho hayo. Ukingo mwekundu unalikata kutoka ukuta wenye matangazo mengine. Weupe mtupu katikati unavuta jicho kwenye vijitu vidogo, na ili uvione lazima usogee karibu. Ukishasogea umekwisha kusoma. Kisha ni kichekesho, kwa hiyo hakuna anayejihisi anakemewa, na mtu akimsimulia mwenzake amelikumbuka kwa hiari yake. Udogo wa sentimita 32 kwa 20 nao ni wa makusudi, unaingia baa, ofisini, hata pembeni ya simu, mahali ambapo soga zenyewe hupigwa.

Linganisha na lile la Marekani la Glenn Grohe la 1942, "He's Watching You" (anakutazama). Uso wa askari wa Kijerumani umechorwa kivuli tupu, kofia ya chuma na macho mawili. Kwa msanii ni kazi nzuri sana. Wako wafanyakazi waliodhani ile kofia ni Kengele ya Uhuru ya Philadelphia, ile kengele ya kihistoria ya Marekani, na wengine wakaelewa kwamba anayewatazama ni bosi wao. Mwaka huohuo kampuni ya matangazo ya Young & Rubicam ilipima mabango mjini Toronto na kukuta kwamba yaliyogusa hisia kwa picha ya wazi ndiyo yaliyoshika, na ya alama na mafumbo yakaachwa nyuma. Matokeo hayo yaliwapa nguvu watu wa matangazo ya biashara ndani ya Ofisi ya Habari za Vita, na mwaka 1943 wasanii kadhaa wakajiuzulu. Nadhani watu wa biashara walikuwa sahihi kuhusu kueleweka, na wasanii walikuwa sahihi kwamba vita haiuzwi kama kinywaji.

Namba 4 ni kazi ya Weimer Pursell, 1943, na hapa ndipo kadi yako inaweza kuwa na nyama. Marekani ilikuwa na mafuta ya kutosha sehemu nyingi. Kilichopungua ni mpira wa matairi, kwa sababu Japani ilikuwa imeshika nchi za Kusini-mashariki mwa Asia zilizotoa karibu mpira wote wa asili waliotumia. Njia ya kuokoa matairi ni kupunguza safari, na njia ya kupunguza safari ni kubana petroli. Mgao wa petroli ukawa wa nchi nzima tarehe 1 Desemba 1942, na mwendo wa juu ukawekwa maili 35 kwa saa. Gari lenye stika ya A, lile lisilo la lazima, lilianza na galoni 4 kwa wiki. Kwa hiyo mtu aliyeona bango lako alikuwa tayari amebanwa, na bango likampa la kufanya: ajiunge na kikundi cha kupeana lifti, leo hii. Tishio la Hitler lipo ili tendo dogo lionekane kubwa.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo kikuu. Bango lililotaja tendo moja, na serikali ikawa imeshaandaa njia ya kulitenda, lilikuwa na nafasi. Chukua "Dig for Victory" ya Uingereza, lima upate ushindi. Nyuma ya bango kulikuwa na mashamba madogo ya kukodi, na kipeperushi kilichoonyesha mpango wa mazao kwa kiwanja cha futi 90 kwa 30, yaani kama mita 27 kwa 9, mstari kwa mstari. Wajerumani nao walikuwa na Kohlenklau, kibaka wa makaa ya mawe mwenye gunia mgongoni, kuanzia 1942: funga dirisha, zima taa, usiache jiko liwake bure. Kuwaambia watu wawe mashujaa tu, kama seti ya 1939, kuliwaacha palepale.

Na usisahau mtandao wa kubandika. Marekani walitumia maskauti kupeleka mabango madukani na kwenye majengo ya umma, na waliojitolea waliahidi kutoacha bango lilale bila kubandikwa, walitunze kama risasi. Bango zuri lililokwama stoo halina hesabu.

Wino_na_Bamba

Nyongeza moja kabla ya hifadhi, isije ikamponza mtu atakayesoma uzi huu akiwa na bango la Kisovieti. Madirisha ya TASS (mabango ya shirika la habari la Kisovieti) ya Moscow, yaliyoanza Juni 1941 siku chache baada ya uvamizi, hayakuchapwa kwa mashine. Yalipakwa rangi kwa stensili, karatasi kadhaa zikigundishwa kuwa bango moja kubwa, na moja lingeweza kuhitaji stensili kwa makumi. Rangi ni nzito, unaihisi kwa jicho la pembeni ukimulika taa kwa ubavu. Hayo usiyakunje, usiyaviringishe, na usiyatie kwenye plastiki, kwa sababu umeme tuli unang'oa rangi. Maji pia ni adui yake.

Kwa namba 3 na 4, ambazo wino wake ni wa mafuta, fanya hivi. Tandaza bango ndani ya folda isiyo na asidi au kati ya karatasi mbili za poliesta safi. Plastiki ya PVC hapana, hutoa asidi na kunata kwenye wino. Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 35 na 50 bila kuruka-ruka, maana kupanda na kushuka ndiko kunakopasua mikunjo. Kwenye maonyesho mwanga usizidi luksi 50, na baada ya miezi mitatu hivi bango lirudi kabatini. Mikunjo usiipige pasi. Joto linaikausha zaidi karatasi ya massa ya mbao, na mkunjo ulionyooka leo utakatika ukiguswa tena.

Selotepu usitumie hata kwa dakika moja. Gundi yake huingia ndani ya karatasi, hugeuka kahawia, na baada ya hapo haitoki bila kemikali kali. Mpasuko mdogo unazibwa kwa nyuma kwa kipande cha karatasi nyembamba ya Kijapani, kilichochanwa kwa mkono ili kingo ziwe na nyuzi, na gamu ya wanga wa ngano iliyokorogwa nyepesi. Weka karatasi ya kunyonya maji juu na chini, kisha uzito bapa hadi pakauke. Kazi hiyo inaweza kutenguliwa kwa maji kidogo baadaye. Kwenye makutano ya mikunjo ya namba 4, kama pameshatoboka, mwachie mtaalamu wa hifadhi.

Bi_Makavazi

Kwenye kadi za 1 na 2 andika "nakala ya baadaye", saizi, kwamba zina kemikali za kung'arisha, na mwaka wa bango la asili kando yake. Usizitupe. Zitundike karibu na 3 na 4 zikiwa na kadi zinazosema idadi iliyochapwa na mahali zilipoishia. Kwa namba 4 rekodi mstari wa chini neno kwa neno, pamoja na kila kistari na namba, kwa penseli laini upande wa nyuma wa kadi, kamwe si nyuma ya bango lenyewe.